Tumekubaliana kuachana bila ugomvi, je tukae na msuluhishi au twende mahakamani?

Swali (nimelifupisha kidogo na kutoa yanayoweza kumtambulisha): "Shikamoo dada wakili. Naishi Moshi, Pasua, nauza mitumba Memorial. Mume wangu anakaa Arusha, Ngaramtoni, ana Noah mbili za abiria. Tulifunga ndoa kanisani 2013, watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 5. Tangu mwaka juzi kila mtu anaishi kwake, hakuna mtu wa tatu, tumechokana tu. Tumekubaliana tuachane kwa amani. Tuna nyumba tuliyojenga kwao Kibosho kwenye kihamba alichopewa na baba yake, kiwanja Usa River kwa jina lake, na mkopo wa SACCOS kwa jina langu. Kuna mtu katuambia tutafute msuluhishi tuandikishane yaishe bila mahakama. Mama mkwe anataka twende kwa wazee. Shoga yangu anasema nitadhulumiwa, nikimbilie mahakamani. Hajawahi kunipiga ila akianza kufoka mimi nanyamaza nakubali kila kitu. Nifanyeje? Na akigoma kwenda baraza la usuluhishi inakuwaje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, maana hata ndoa inayoisha bila kelele inauma. Hao watatu waliokushauri kila mmoja kasema jambo la maana na kila mmoja kachapia mahali. Ngoja nianze na huyo wa "tuandikishane yaishe", maana huyo ukimfuata kama alivyosema ndo atakutia matatani huko mbele.

Ndoa haivunjwi na karatasi. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndo tunatumia mpaka leo, anayevunja ndoa ni mahakama peke yake, muandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mgonge mihuri, muweke mashahidi kumi na picha za pasipoti, bado wewe ni mke wake. Hizo karatasi nimeziona nyingi tu mezani kwangu, mtu kakaa nayo miaka sita kaifunga kwenye nailoni kabisa akijua ameachika, siku anataka kufunga ndoa nyingine anaambiwa huwezi wewe ni mke wa mtu, au mwenzie anafariki na hapo ndo ukoo mzima unaikumbuka ile karatasi, na wanaikumbuka kwa ajili ya kumfukuza msibani. Kwahiyo mahakamani mtafika. Ila mtafika mkiwa mmeshamaliza ugomvi wa mali na watoto au mtafika kuuanzia huko, hilo ndo la kuamua, na hapo usuluhishi mimi nauunga mkono moja kwa moja.

Tatizo neno lenyewe linatuchanganya. Tukisema usuluhishi wa ndoa watu wanaelewa kitu kimoja, kumbe ni viwili na vinaenda njia tofauti. Upo ule wa kuwapatanisha mrudiane, hiyo ndo kazi ya baraza la usuluhishi wa ndoa, na huo ni lazima kisheria, huwezi kufungua shauri la talaka bila kupita hapo kwanza (kuna watu wachache wanaruhusiwa kuruka, mfano mwenza katoroka na hajulikani alipo, au amefungwa miaka mitano na kuendelea, ninyi hamuingii humo). Alafu upo ule wa kupanga mnaachanaje, nani anabaki na nini, watoto wanalala wapi, mkopo analipa nani. Huu wa pili hakuna sheria inayokulazimisha, ni hiari yenu, na ndo utakaowaokolea hela na miaka. Watu wengi wanakwenda barazani wakitegemea lifanye kazi ya huu wa pili, wanatoka wamekasirika kwamba "wametulazimisha turudiane tu", sasa jamani, baraza ndo limewekwa kwa ajili hiyo!

Tuanze na baraza basi, maana kuna mitego na kesi nyingi zinafia hapo.

Mtego wa kwanza unakuhusu wewe kabisa. Najua unawaza kwenda baraza la kata yako hapo Pasua, karibu na nyumbani. Usiende. Sheria inasema baraza lenye mamlaka ni la kata anayoishi mume, labda kama wote wawili ni wa jumuiya moja na jumuiya hiyo ina baraza lake lililotambuliwa na serikali, basi mnakwenda hilo. Mume yuko Ngaramtoni kwahiyo ni huko, panda gari nenda. Najua utasema mbona ni mbali na biashara itasimama, lakini bora usimame siku mbili tatu sasa kuliko hakimu aje akwambie baadaye kwamba cheti chako kimetoka kusikostahili na urudi mwanzo.

Kuhusu baraza la kanisani, muulize mchungaji au padre swali moja tu la wazi, hii kamati yenu imetambuliwa na waziri kama baraza la usuluhishi wa ndoa? Kama ndiyo, sawa, nendeni. Akianza kusema "sisi huwa tunaandika barua tu", mshukuru kwa maombi na uondoke. Barua ya padre, ya ustawi wa jamii, ya wazee wa ukoo, hizo sio cheti. Cheti ni fomu maalumu, watu wa mahakama wanaiita fomu namba tatu, na inatakiwa iseme kwamba baraza limejaribu kuwapatanisha na limeshindwa. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta shauri la talaka lote, tangu lilipoanzia huko chini, kwa sababu cheti hakikuwa halali, yaani watu wameachanishwa, mali zimegawanywa, wamekata rufaa mpaka juu, wanaambiwa hakuna kilichofanyika.

Jambo lingine, mimi usinibebe kwenda barazani. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu pale, unakwenda mwenyewe, ukitaka wa kukusindikiza na kukusemea awe ndugu wa familia. Na cheti kikishatoka kina muda, shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita, ikizidi unarudi kuomba kingine. Ndo maana nawashauri watu waanze mazungumzo ya mali na watoto mapema, hata huku wakisubiri kuitwa na baraza, wasije kupata cheti wakakiweka kabatini wakabishana kihamba mpaka kikaisha muda.

Sasa msuluhishi. Anaweza kuwa wakili aliyezoea kazi hiyo, mtumishi wa Mungu mnayemwamini wote, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mmoja wa hawa wasuluhishi ambao siku hizi wanasajiliwa na Wizara ya Katiba na Sheria. Mimi naangalia kitu kimoja kwanza, asiwe na upande. Kaka yake hafai, shoga yako hafai, na wakili wako hafai pia, akishakuwa msuluhishi wenu hawezi kesho kusimama na wewe mahakamani. Kazi yake sio kuamua nani ana haki, hana rungu, ni kuwafanya mseme, msikie na muandike. Na kabla hamjaanza mkubaliane kwa maandishi vitu viwili: yanayosemwa pale hayatatumika dhidi ya mtu mahakamani, na hakuna atakayeuza wala kuweka rehani kitu chochote mpaka muishe. Hilo la pili lisemwe hata kwa serikali ya kijiji pale Usa River kama kiwanja hakina hati, maana viwanja visivyo na hati vinauzwa kwenye meza ya baa.

Ninavyofanya mimi, nakutana na kila mmoja peke yake kwanza, nusu saa au hata zaidi, ndo nawakalisha pamoja. Na kwa mtu kama wewe siwakalishi pamoja muda mrefu. Umesema akifoka unanyamaza na kukubali, hiyo sentensi yako moja imenishtua kuliko kihamba na mkopo, kwa sababu mtu anayekubali ili kelele ziishe anasaini chochote. Mwambie msuluhishi hilo mapema kabisa, kabla mume hajafika, mwambie unataka vyumba viwili, yeye ndo awe anatembea katikati kupeleka maneno. Ni utaratibu wa kawaida, sio dharau kwa mtu. Pia weka sharti kwamba hakuna kusaini siku hiyohiyo, unaondoka na rasimu, unalala nayo wiki, unampelekea wakili mwingine au msaidizi wa kisheria akusomee (tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wapo waliosajiliwa na huduma yao ni ya bure), ndo unarudi. Ungekuwa umepigwa ningekujibu tofauti kabisa, ningekwambia usikae naye meza moja, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, usuluhishi wa mali utasubiri.

Haya, kihamba.

Wasomaji wa mikoa mingine mtatusamehe, hii inahitaji kuelezwa. Kihamba kwa sisi Wachaga sio shamba tu, ni migomba, ni nyumba ya baba, ni makaburi ya babu na bibi kando ya masale (mmea wetu wa kimila), na kwa mila kinatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kwahiyo mwanamke akisema "nataka nusu ya nyumba" ukoo unasikia "anataka kumleta mgeni azike hapa". Sheria inaonaje? Ardhi aliyopewa mume na baba yake kwa kuanzia ni yake, sio ya ndoa. Ila sheria hiyohiyo, kifungu cha 114, inasema mali ya mmoja ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake, au na wote wawili, inaingia kwenye mgawanyo. Ninyi mmejenga nyumba pale. Hela ya mitumba imenunua bati au saruji? Ulikuwa unawapikia mafundi? Hata kama hukutoa senti, tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango (ingawa yeye mwenyewe mwishowe hakupata mgao, watu wanasahau hiyo sehemu, kwahiyo usidhani ni nusu kwa nusu ya moja kwa moja, ukubwa wa mchango unaangaliwa kwa ushahidi).

Kwahiyo haki unayo. Swali ni unaichukuaje. Hakimu anaweza kusema asilimia fulani ni yako, nyumba ithaminiwe, iuzwe mgawane, na hapo ndo utashangaa, nani Kibosho nzima atanunua nyumba iliyo katikati ya kihamba cha watu, apite na gari lake mbele ya makaburi yao kila asubuhi? Utakuwa na hukumu nzuri sana na hutaona hela. Hapa ndo mezani panashinda mahakamani. Nimeshasuluhisha wenzenu wa upande wa Machame wenye shida hiihii, tuliita mthamini mmoja waliyemkubali wote, akathamini nyumba bila ardhi, mume akabaki na nyumba, mke akachukua kiwanja cha mjini na kinachopungua akalipwa kwa awamu. Kwenu naona Usa River iko palepale inasubiri. Kiwanja kikihamia jina lako, yeye akabaki na nyumba ya kwao, mnahesabu tofauti, mnaandika inalipwa lini na lini. Mwenyewe anaweza kukubali haraka kuliko unavyofikiri, kwa sababu kitu anachokiogopa sio kukulipa, anaogopa aibu ya kihamba kuuzwa.

Wazee wa mama mkwe wana nafasi yao hapa, usiwadharau. Wasikae kuamua talaka, maana wao watataka mrudiane, na huku kwetu mtu akiletewa sale, yaani jani la ule mmea wa masale, aombwe radhi kukataa ni kazi, utajikuta umerudi Kibosho kwa sababu ya jani. Kama moyo wako unataka kurudi rudi, sikuzuii. Lakini kwa hili la mali wao ndo wanajua baba mkwe alimpa nani kipande gani na mpaka uko wapi, kwahiyo waombe waje waseme hilo tu, waandikwe kama mashahidi, wanywe mbege yao waende.

Noah sasa. Hizo zimenunuliwa ndani ya ndoa? Kama ndiyo ziko mezani hata kama kadi zina jina lake. Watu wanakosea wanathamini gari tu, kumbe Noah ya abiria ni hesabu ya kila siku, kwahiyo mwambieni alete hesabu za miezi kadhaa, mtoe mafuta, tairi, bima, leseni ya LATRA, dereva, mtaona inabaki kiasi gani, na hapo ndo mtapanga matunzo ya watoto kwa namba za kweli badala ya "atatoa anachopata". Na wewe utaulizwa kuhusu meza yako ya Memorial, usijifanye haipo, mzigo na mtaji uliokua ndani ya ndoa nao unahesabiwa. Nimekwambia ukweli mapema usije kushtuka mbele ya mumeo.

Mkopo wa SACCOS: ulikopa ukafanyia nini? Kama uliingia kwenye nyumba au ada, uandikwe kama deni la wote na igawanywe nani analipa kiasi gani. Ila elewa kwamba makubaliano yenu hayawahusu SACCOS. Yeye akiacha kulipa sehemu yake watakufuata wewe na wadhamini wako, jina ni lako. Kwahiyo ikiwezekana deni limalizwe kwanza kutoka kwenye ile tofauti atakayokulipa, mbaki hamdaiani.

Watoto nimewaweka mwisho kuandika ila mezani waanze wao, wakishaisha hao hasira zinashuka. Wa miaka mitano, sheria inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, baba akitaka kupinga ndo ana kazi ya kuthibitisha vinginevyo. Wa miaka tisa ataangaliwa maslahi yake na hata maoni yake kama ana uwezo wa kujieleza, ila kuwatenganisha mimi huwa sipendi. Baba kutoa matunzo ni wajibu hata kama watoto hawako kwake. Andikeni kwa vitu: ada inalipwa moja kwa moja shuleni, hela ya chakula inaingia kwenye simu tarehe fulani, bima au hospitali nani, sare na madaftari nani. Alafu likizo. Ya Juni mnaweza kupokezana bila shida, ila Desemba andikeni vizuri maana Desemba ndo Kilimanjaro nzima inarudi nyumbani na kila bibi anataka wajukuu wake, mwaka huu Krismasi Kibosho mwaka mpya kwako, mwakani mnageuza. Nimeona watu waliogawana nyumba mbili kwa utulivu wakaja kupigana Desemba stendi, mbele ya watoto. Hela ya matunzo msiiogope kwamba mkishaandika imeganda, mahakama inaweza kuibadilisha hali ikibadilika.

Mkishasaini, hiyo karatasi sasa ndo inakuwa na maana, kwa sababu maombi ya talaka yenyewe yanatakiwa yaseme kama mna makubaliano ya matunzo na mgawanyo wa mali au hamna. Mnayaweka humo, mnaambatanisha cheti cha baraza, mmoja wenu anafungua, mwingine anajibu kwamba anakubali. Mahakama ya mwanzo inaweza kusikiliza, ya wilaya pia, sio lazima uende Mahakama Kuu. Hakimu hatagonga muhuri tu kwa sababu mmekubaliana, usitegemee hivyo. Anatakiwa aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na aangalie mipango yenu ya watoto na mali kama inaeleweka. Kwahiyo jiandaeni kueleza kwa ukweli, lini mlianza kuishi mbalimbali, mlijaribu nini, baraza lilisema nini. Kutengana miaka mitatu kwa hiari ni mojawapo ya ushahidi, sio sharti pekee, msikae kusubiri itimie. Na tafadhali msitunge uzinzi ili mambo yaende haraka, wapo wanaowashauri watu hivyo, alafu mtoto anakuja kuisoma hukumu akiwa kidato cha nne.

Mkiomba makubaliano yaingizwe kwenye amri ya mahakama, siku akiacha kulipa unarudi kukazia hukumu palepale, hufungui kesi mpya. Hiyo ndo tofauti na ile karatasi ya kwenye nailoni. La kanisa ni safari nyingine, kama ndoa ni ya Katoliki talaka ya mahakama haibadilishi kitu mbele ya kanisa, utaongea na padre kuhusu mahakama yao ya ndoa kwa wakati wako.

Umeniuliza chini kabisa kama yeye akigoma kwenda barazani inakuwaje. Akiitwa na akakaidi kwa makusudi, sheria haikufungi, hiyo ni moja ya sababu zinazokuruhusu kwenda mahakamani, ila hakikisha wito umeandikwa na umempata, baki na nakala. Na msuluhishi lipeni nusu kwa nusu hata kama yeye ndo mwenye Noah, akilipa peke yake utaanza kuhisi ni msuluhishi wake, na wewe ukishahisi hivyo utanyamaza tena.